Kibali cha Matumizi ya Ardhi: Gharama Anayobeba Mwenye Shamba Thika na Ruiru

Mazungumzo na wamiliki wa mashamba na ploti



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linalogusa kila boma lenye hatimiliki, iwe Gatuanyaga, Ngoliba au Gatongora. Jambo lenyewe ni gharama ya kibali cha kugawa shamba, kubadilisha matumizi yake au kujenga juu yake. Wananchi wengi huuliza swali moja tu: ada ya kaunti ni shilingi ngapi? Swali hilo ni zuri, lakini ni dogo. Ada inayoandikwa kwenye risiti ya kaunti ni sehemu tu ya pesa zinazotoka mfukoni mwa mwenye shamba. Anayehesabu ada peke yake hukwama katikati ya safari.

Ni vyema kuanza na hali ilivyo. Katika hesabu ya watu ya 2009, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Katika hesabu ya 2019 ulikuwa na watu 490,120, ukawa mji wa 4 kwa ukubwa nchini, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika nayo ilifikisha watu 251,407. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa 2012, na mtu anayefanya kazi Nairobi akaona anaweza kulala Ruiru, Juja au Thika na kufika kazini asubuhi. Ruiru ni mji ambao wakulima wa kahawa wanaujua kwa mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985 na kituo cha utafiti kilichoko hapo. Leo sehemu kubwa ya mashamba ya kahawa yaliyouzunguka imekuwa nyumba, maghala na ploti. Mji wa Tatu City wenyewe unajengwa kwenye ekari 5,000 ambazo zamani zilikuwa mashamba ya kahawa.

Kwa hiyo mwenye shamba wa Thika au Ruiru anaishi mahali pawili kwa wakati mmoja. Anaamkia shambani, lakini bei ya ardhi yake ni ya mjini. Ana ng'ombe 2 na miche ya kahawa, na ng'ambo ya ua kuna fleti za ghorofa 5. Serikali inapochora kanda na kusema hapa ni makazi, hapa ni viwanda, hapa ni kilimo, mstari huo hupita juu ya maisha ya mtu.

Je, serikali ina haki ya kuchora mstari huo? Katiba ya 2010 inalinda mali ya mtu katika Kifungu cha 40. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 66, inairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango ya matumizi ya ardhi. Upangaji wa kaunti umetajwa katika Jedwali la Nne kuwa kazi ya serikali ya kaunti. Kisha ikaja Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019. Sheria hiyo inasema hakuna mtu atakayefanya maendeleo ya ardhi ndani ya kaunti bila kibali cha waziri wa kaunti anayehusika. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili.

Sheria ni hiyo. Inafaa sasa kuangalia mfuko.

Chukulia mfano wa mama mjane wa Gatuanyaga mwenye ekari 2. Ana watoto 3 watu wazima. Anataka kila mmoja apate kipande chake na hatimiliki yake, ugomvi usije ukaanza siku atakapozikwa. Kijana mmoja anataka kujenga vyumba vya kukodisha kwenye kipande chake. Mama huyu hana mradi wa biashara. Anataka amani nyumbani. Hata hivyo, njia anayopaswa kupita inafanana sana na ya mwenye kampuni.

Kwanza, anahitaji karatasi zake ziwe sawa. Kama hatimiliki bado iko kwa jina la marehemu mumewe, lazima apitie mirathi mahakamani kabla ya jambo lingine lolote. Familia nyingi hukwama hapa kwa miaka. Baada ya hapo atalipia upekuzi wa hati katika ofisi ya usajili wa ardhi.

Pili, anahitaji wataalamu. Mpango wa kugawa au kubadilisha matumizi huandaliwa na mpangaji aliyesajiliwa. Kupima na kuweka bikoni ni kazi ya mpimaji mwenye leseni. Yule kijana wa vyumba vya kukodisha atahitaji michoro ya msanifu na ya mhandisi. Pesa hizi haziendi kaunti. Ni malipo ya kazi ya mtu, na mara nyingi ndizo kubwa kuliko ada yenyewe.

Tatu, iko ada ya kaunti ya kushughulikia maombi. Kwa mabadiliko ya matumizi kuna pia gharama ya tangazo gazetini na bango kwenye kiwanja, ili majirani wapate nafasi ya kusema kama wana pingamizi.

Nne, kuna Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Chini ya sheria ya 1967, ardhi ya kilimo haiuzwi wala kugawanywa bila idhini ya bodi, na mapatano yasiyo na idhini hayana nguvu kisheria. Wengi huamini kuwa urithi hauhitaji bodi. Hilo ni kweli nusu. Ardhi ikipita kwa warithi ikiwa nzima, sheria haidai idhini. Ikigawanywa kuwa vipande vyenye hati mbalimbali, idhini inahitajika. Mama wa Gatuanyaga anataka hati 3, kwa hiyo atapita mbele ya bodi.

Tano, baada ya idhini zote, kuna malipo ya kusajili mgawanyo na kutoa hati mpya, moja kwa kila mtoto.

Sita, kuna ardhi yenyewe. Hii ndiyo gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Mgawanyo unaokubalika lazima uache barabara. Shamba la ekari 2 lina ukubwa wa futi mraba 87,120. Likiwa na umbo la mstatili wa kawaida, upana wa futi 208 na urefu wa futi 418, barabara ya mita 9 inayopita urefu wote inachukua zaidi ya futi mraba 12,000. Eneo hilo ni sawa na ploti 2 na nusu za futi 50 kwa 100. Kwa bei ya ardhi ya Thika, hakuna ada ya kaunti inayofikia thamani ya ploti 2 na nusu.

Saba, kuna muda. Kila safari ya kwenda ofisini ni nauli ya matatu, ni siku isiyo na kazi, ni ng'ombe aliyekamuliwa na jirani. Mwenye kampuni humtuma karani. Mama huenda mwenyewe.

Ukitazama orodha hii, jambo moja linajitokeza. Gharama nyingi kati ya hizo hazipungui kwa sababu shamba ni dogo. Tangazo la gazeti halijali kama ardhi ni ekari 2 au 20. Siku ya kikao cha bodi ni ile ile. Chukulia kwamba gharama zisizobadilika ni shilingi 120,000. Tarakimu hii ni ya mfano tu, ya kurahisisha hesabu. Mfanyabiashara anayekata ekari 20 kuwa ploti 140 atagawanya pesa hizo mara 140, na kila ploti itabeba shilingi 857. Ataziongeza kwenye bei na mnunuzi atazilipa. Mama anayegawia watoto 3 atabeba shilingi 40,000 kwa kila mtoto, na hana wa kumtwika mzigo huo. Sheria ni moja, risiti zinafanana, lakini uzito si mmoja.

Hapo ndipo watu huanza kutafuta njia ya mkato. Dalali husema, "Mzee, hii kitu tunamaliza bila mambo mengi." Shamba hupimwa kwa kamba, vipande huuzwa kwa karatasi ya makubaliano, na hati mama hubaki sandukuni. Mwanzoni inaonekana rahisi. Ni haki pia kuhesabu gharama ya njia hiyo, maana nayo ina bei yake.

Aliyenunua bila hati yake hawezi kuweka kipande hicho rehani benki. Akifa, watoto wake wataanza kesi na watoto wa aliyeuza. Kama idhini ya bodi haikuombwa ndani ya miezi 6, mapatano yamekufa kisheria. Mnunuzi anaweza kudai pesa zake kama deni, lakini ardhi hawezi kuidai kwa nguvu ya karatasi hiyo.

Barabara ikinyimwa nafasi, hasara huonekana siku ya shida. Gari la kunyonya maji taka halipiti. Gari la zimamoto halifiki. Mgonjwa hubebwa kwa bodaboda hadi lami. Ploti ya thumni ekari ikichimbwa kisima upande huu na choo cha shimo upande ule, na jirani naye akafanya hivyo, maji ya kunywa na ya choo hukaribiana chini ya ardhi bila mtu kuona.

Na kuna gharama isiyolipika. Mnamo 2022 majengo yaliporomoka Kirigiti na baadaye Ruaka, yote ndani ya kaunti hii, na watu wakapoteza maisha. Michoro iliyokaguliwa na mhandisi, na ukaguzi unaofanyika ujenzi ukiendelea, si mambo ya kusumbua watu. Mpangaji anayelala ghorofa ya 3 hana namna ya kujua nondo zilizomo ndani ya nguzo. Kibali kinachofanya kazi yake kinamlinda yeye.

Kwa hiyo swali la haki si kama kibali kiwepo au kisiwepo. Swali ni nani abebe mzigo gani, na mwananchi aliyelipa apewe nini. Swali hilo halijibiwi kwenye kaunta ya malipo. Linajibiwa mapema, mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni Mswada wa Fedha wa kaunti. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Hii ndiyo sababu ada za vibali hupendekezwa katika mswada, zikajadiliwa na bunge la kaunti, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge hilo kuwashirikisha wananchi.

Kiambu inalijua jambo hili kuliko kaunti nyingine nyingi. Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 ilipelekwa mahakamani na wakazi waliolalamika kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta sheria hiyo yote. Alieleza kwamba kushirikisha umma si kutimiza desturi tu. Wananchi wanapaswa kufikiwa kwenye mabaraza, makanisani, misikitini na kwenye redio za lugha zao. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo 2017. Tangu hapo kesi ya Kiambu hutajwa kila mara wananchi wa kaunti nyingine wanapopinga sheria za fedha zilizopitishwa haraka.

Funzo lake lina pande mbili. Kaunti isiposikiliza, sheria yake inaweza kuanguka, na mapato ya kujenga barabara na zahanati yakaanguka nayo. Na mwananchi asipofika kwenye kikao, au akafika akapiga makofi na kuondoka, ada itapitishwa bila yeye. Anayefika anafaa kuwa na maswali mafupi yanayojibika. Je, ada ya familia inayogawia watoto imetenganishwa na ada ya anayekata ploti za kuuza? Je, ada inapanda kulingana na ukubwa wa ardhi, au ni moja kwa wote? Ada hii inalipia huduma gani hasa? Je, mtu akirudishiwa maombi ili arekebishe kosa dogo, analipa upya? Maswali haya yakiandikwa kwenye karatasi na kupokewa kwa muhuri, yana uzito kuliko kelele za kikao kizima.

Mahali pa pili ni mpango wenyewe wa matumizi ya ardhi. Hapa wananchi wengi hawafiki kabisa, kwa sababu ramani haina bei iliyoandikwa juu yake. Lakini bei ipo. Kama mpango wa eneo umetambua kwamba kijiji fulani tayari ni makazi, mwenye ploti huko ana safari fupi. Kama ramani bado inasema kilimo huku watu wamejenga nyumba za kupangisha kwa miaka 20, kila mmoja wao atalazimika kuomba mabadiliko ya matumizi peke yake, kwa pesa zake. Kwa upande mwingine, mkulima anayetaka kuendelea kulima anapaswa kusema hivyo ramani ikiwa bado rasimu. Ardhi ikihesabiwa kuwa ya makazi, thamani yake katika hesabu ya viwango vya ardhi inaweza kupanda, na kahawa hailipi kama nyumba ya kupangisha.

Historia ya Kiambu inaonyesha uzito wa ramani. Kuanzia miaka ya 1950, chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vilivyotawanyika vya familia viliunganishwa kuwa shamba moja kwa kila mwenye ardhi, kisha hati zikatolewa. Mistari iliyochorwa wakati ule ndiyo inayogombaniwa na wajukuu leo. Shamba lililounganishwa kwa babu sasa linakatwa upya kwa wajukuu, na mistari itakayochorwa sasa itakaa miaka mingine 60.

Maombi yakishapelekwa, mwenye shamba ana haki ambazo anapaswa kuzijua. Asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria ya 2019 inachukulia kwamba kibali kimetolewa. Kwa sababu hiyo, tarehe ya kupokelewa kwa maombi ni mali. Nakala yenye muhuri au uthibitisho wa mtandaoni ihifadhiwe pamoja na hatimiliki. Maombi yakikataliwa, sababu lazima zitolewe. Asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za upangaji, na baada ya hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache. Barua ya kukataliwa haifai kulazwa kwenye droo ikingoja mtoto aje kutoka Nairobi mwisho wa mwezi.

Yapo pia mambo madogo yanayopunguza gharama. Familia inafaa kukubaliana nani anapata upande gani kabla mpimaji hajaitwa, kwa sababu kuhamisha bikoni ni kulipa mara ya pili. Ndugu wanaogawana wafanye maombi kwa pamoja badala ya kila mmoja kuja na mpangaji wake. Majirani wanaotaka mabadiliko ya aina moja wanaweza kuajiri mtaalamu mmoja na kugawana gharama. Kabla ya kumlipa mtaalamu, jina lake lithibitishwe kwenye bodi inayomsajili. Ada ya kaunti ilipwe kwa njia rasmi za kaunti, na risiti ilingane na pesa zilizotolewa. Anayeomba pesa mkononi ili faili "litembee" hana risiti ya kutoa, na faili lisipotembea hakuna pa kumshtaki.

Kwa maafisa wa ardhi na upangaji, mfano wa mama wa Gatuanyaga una ujumbe pia. Kila mara anaporudishwa nyumbani kwa karatasi moja ambayo angeweza kuambiwa siku ya kwanza, gharama ya kibali imepanda bila bunge la kaunti kupitisha lolote. Orodha kamili ya nyaraka na ada, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, ikibandikwa kwenye ofisi ya kila wadi na kwa chifu, ingeokoa nauli nyingi. Ni hatua isiyohitaji sheria mpya.

Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo gharama hizi zinavyojaa: nauli, tangazo, bikoni, ada, hati. Mwananchi aliyezijua mapema anaweza kujipanga, kuzipinga mahali panapofaa au kuzigawana na wenzake. Aliyezijua akiwa amechelewa ndiye anayeangukia mikononi mwa dalali.

Mama wa Gatuanyaga hajakataa kulipa. Anachotaka ni kujua analipa nini, kwa nini, na lini watoto wake watashika hati zao. Vikao vya Mswada wa Fedha na vya rasimu za mipango hutangazwa. Wenye mashamba wa Thika na Ruiru wafike, wakiwa na maswali yao yameandikwa.